Ukuaji wa uzalishaji viwandani Tanzania tangu Uhuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbona takwimu moja inasema viwanda ni asilimia 8 ya Pato la Taifa na nyingine inakaribia 30?

Zote ni sahihi, ila zinapima vitu viwili tofauti. Ile kubwa ni ya kundi zima la viwanda na ujenzi: uchimbaji madini, uzalishaji wa bidhaa viwandani, umeme, maji na majitaka, pamoja na ujenzi. Ile ndogo, ambayo kwa miaka mingi imezunguka asilimia 8, ni ya uzalishaji wa bidhaa viwandani peke yake: unga, sukari, bia, saruji, nguo, mabati, sabuni, dawa na kadhalika. Mgodi ukiongeza uchimbaji wa dhahabu, au ujenzi wa reli ya SGR ukisonga mbele, takwimu kubwa hupanda hata kama hakuna kiwanda kilichoongeza gunia moja la sukari. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu ile ndogo.

Mipaka yake nayo inahitaji uangalifu. Kwa uainishaji wa Umoja wa Mataifa unaoitwa ISIC, kuchambua pamba huhesabiwa upande wa kilimo, na kiwanda huanzia kwenye kusokota uzi. Kukoboa mpunga na kusaga sembe ni shughuli za kiwanda, hata mashine ikiwa kwenye kibanda cha sokoni. Mkaa uliochomwa porini huingia kwenye misitu. Dhahabu ikichimbwa ni madini, ikisafishwa ni kiwanda. Kabla ya kulinganisha nchi mbili, au miaka miwili iliyo mbali, hakikisha mstari umechorwa mahali pamoja.

Kwa nini hamjumlishi tu mauzo ya viwanda vyote?

Kwa sababu pamba ileile itahesabiwa mara tatu au nne. Kinu cha uzi kinauza uzi, kinachofuma kinauza kitambaa ambacho ndani yake kuna thamani ya uzi, na kinachochapa khanga kinauza khanga yenye thamani ya vyote viwili. Kinachopimwa ni thamani iliyoongezwa: mauzo, ukiondoa kila kilichonunuliwa na kutumika kutengeneza bidhaa hiyo.

Chukua mfano wa kinu cha sembe kilichouza unga wa shilingi milioni 100 kwa mwezi. Mahindi yaligharimu milioni 72, umeme milioni 5, mifuko milioni 3, usafiri na matengenezo milioni 4. Thamani iliyoongezwa ni milioni 16. Humo ndimo zinamotoka mishahara, riba, kodi, uchakavu wa mashine na faida. Mahindi yakipanda bei, mauzo ya kinu hupanda pia, ilhali thamani iliyoongezwa inaweza kupungua. Kwa hiyo taarifa kwamba "mauzo ya sekta yameongezeka maradufu" peke yake haitoshi kukuambia kitu kuhusu ukuaji.

Nina takwimu za 2015 na za 2024. Nakokotoaje ukuaji halisi wa mwaka?

Fuata mpangilio huu. Kwanza, toa mfumuko wa bei. Tuseme thamani iliyoongezwa ilikuwa bilioni 400 mwaka 2015 na bilioni 900 mwaka 2024, na fahirisi ya bei za bidhaa hizo imepanda kutoka 100 hadi 150. Gawanya 900 kwa 1.5, upate bilioni 600 kwa bei za 2015. Tumia fahirisi ya bei za wazalishaji, si ile ya walaji, kwa sababu ya walaji imebeba kodi za nyumba, nauli na vyakula vya sokoni ambavyo havihusiani na lango la kiwanda.

Pili, hesabu vipindi, usihesabu miaka. Kutoka 2015 hadi 2024 kuna vipindi 9. Hapa ndipo wengi huandika 10 na kupunguza ukuaji bila kujua.

Tatu, gawanya 600 kwa 400, upate 1.5, kisha tafuta kipeo cha moja ya tisa. Kwenye jedwali la kompyuta andika =(600/400)^(1/9)-1. Jibu ni asilimia 4.6 kwa mwaka. Ukigawa ongezeko lote la asilimia 50 kwa 9 utapata 5.6, na hilo ni kosa, maana kila mwaka hukua juu ya kilichokwishakua mwaka uliotangulia.

Nne, ondoa ongezeko la watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania nzima, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012, yaani ongezeko la takriban asilimia 3.2 kwa mwaka. Uzalishaji ukikua kwa asilimia 5 na watu kwa 3.2, kila mtu amepata nyongeza ya takriban asilimia 1.7 tu. Kwa kanuni ya kugawa 70 kwa kiwango cha ukuaji, uzalishaji wa asilimia 5 huongezeka maradufu kwa miaka 14, lakini wa kila kichwa huchukua miaka 40. Pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini taarifa ya bajeti hutaja ukuaji mzuri na mwananchi asiuone.

Jambo moja zaidi: mwaka wa kuanzia. Ukianza hesabu 1985, viwanda vilipokuwa taabani, kipindi chochote kitakachofuata kitaonekana kizuri. Ukianza 1978, karibu na kilele, picha ni nyingine kabisa. Onyesha vyote viwili, au tumia wastani wa miaka mitatu kila upande.

Mfululizo wa takwimu unaruka ghafla pale mwaka wa kizio unapobadilika. Nifanyeje?

Mwaka wa kizio ni ule ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine. Tanzania Bara imeubadilisha mara kadhaa: 1966, 1976, 1992, 2001, 2007 na 2015. Kila badiliko huleta bei mpya, vyanzo vipya vya takwimu na shughuli ambazo awali hazikuhesabiwa. Mruko unaouona ni wa upimaji, viwanda havikukua usiku mmoja.

Tafuta mwaka ambao umo katika mifululizo yote miwili. Tuseme mwaka 2015 mfululizo wa zamani unaonyesha 250 na mpya unaonyesha 300. Gawanya 300 kwa 250, upate 1.2. Zidisha kila mwaka wa zamani kwa 1.2. Ukuaji wa kila mwaka unabaki ulivyokuwa, kiwango tu ndicho kinachopanda. Rudia kwa kila kiungo hadi ufike 1966.

Ukishaunganisha, sekta ndogo (vyakula, nguo, kemikali) hazitajumlika tena kufikia jumla ya viwanda. Usizilazimishe. Unganisha jumla kivyake na kila sekta kivyake, acha tofauti ionekane na uieleze kwenye maelezo ya jedwali. Wanaosawazisha kwa kuchomeka namba mahali pasipostahili huharibu kazi yote, na aliye nyuma yao hawezi kugundua kosa limeingilia wapi.

Kumbuka pia kwamba hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, za Pato la Taifa ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina hesabu zake. Ukitafuta uzalishaji kwa kila mtu, gawanya kwa watu wa Bara (milioni 59.9 kwa sensa ya 2022), si kwa milioni 61.7.

Historia yenyewe ikoje kwa ufupi?

Wakati wa Uhuru, viwanda vilikuwa karibu asilimia 4 ya Pato la Taifa. Bidhaa nyingi za viwandani zilitoka Nairobi na Mombasa, kwa sababu soko la Afrika Mashariki lilikuwa moja na viwanda vilijengwa kule. Miaka ya 1960 ilileta kazi nyepesi za kuanzia: bia, sigara, nguo, saruji ya Wazo Hill iliyoanza 1966, na kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 umiliki ulihamia kwa mashirika ya umma chini ya NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa) na mashirika mengine yaliyofuata, na shirika la SIDO likaanzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Mkakati wa viwanda vya msingi ulipitishwa 1975. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 mchango wa viwanda ulikuwa umezidi asilimia 10.

Kisha ikaja miaka mibaya, na hapa panahitaji muda, maana maelezo ya mkato ya "ujamaa uliua viwanda" yanaficha utaratibu wenyewe.

Viwanda vile vilikula fedha za kigeni. Rangi za nguo, spea za mitambo ya kufuma, mafuta mazito ya tanuru, kemikali, hata makaratasi ya kufungashia, vyote vilitoka nje. Bidhaa zenyewe ziliuzwa ndani kwa shilingi. Kwa hiyo kila kiwanda kipya kiliongeza mahitaji ya dola bila kuleta dola, na dola ziliendelea kutoka kwenye kahawa, pamba, mkonge na korosho, mazao ambayo uzalishaji wake ulikuwa unadorora. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na nchi ikalazimika kugharamia upya shirika la ndege, reli na bandari. Mwaka 1978 uagizaji ulilegezwa baada ya bei ya kahawa kupanda, akiba ya fedha za kigeni ikaisha haraka. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, vita ikaendelea hadi 1979, na mwaka huo bei ya mafuta duniani ikapanda tena.

Kosa lililouma zaidi ni kwamba ujenzi wa viwanda vipya uliendelea wakati vya zamani vimesimama. Wafadhili walitoa fedha kwa miradi mipya, mashine mpya, majengo mapya. Fedha za kununua spea na malighafi kwa viwanda vilivyopo zilikuwa ngumu kupatikana. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vilitumia chini ya theluthi moja ya uwezo wao. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichogharamiwa na Benki ya Dunia na kusanifiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikilengwa soko la Ulaya, hakikuwahi kuvuka hata asilimia 5 ya uwezo huo. Ngozi nzuri haikutosha, umeme na usimamizi vilisumbua, na jengo lenyewe halikusanifiwa kwa joto la Morogoro.

Marekebisho ya 1986 yalifungua biashara. Spea zikapatikana, lakini pia mitumba na bidhaa za bei nafuu zikaingia, na viwanda vilivyochakaa havikuwa na uwezo wa kushindana. Miaka ya 1990 Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, iliuza mashirika mengi. Yaliyofanya vizuri ni yale yenye soko la uhakika nyumbani na yaliyopata mwekezaji anayeijua kazi: bia, sigara, saruji, sukari. Nguo na ngozi hazikuinuka kwa namna hiyo, na baadhi ya majengo yaligeuzwa maghala. Katikati ya miaka ya 2000 ukuaji wa mwaka, kwa takwimu za wakati ule, ulizidi asilimia 8. Baada ya janga la korona umekuwa kati ya asilimia 4 na 5.

Uzalishaji unakua kila mwaka. Kwa nini mchango wake haupandi?

Mchango ni sehemu. Ujenzi, madini na huduma zikikua kwa kasi kuliko viwanda, sehemu ya viwanda hushuka hata kama uzalishaji unaongezeka. Pia mchango hukokotolewa kwa bei za mwaka husika, kwa hiyo dhahabu ikipanda bei duniani, sehemu ya sabuni na bati hupungua bila mtu kuacha kuzitengeneza. Kenya nayo imepitia hali hiyo: mchango wa viwanda ulikuwa zaidi ya asilimia 10 mwanzoni mwa miaka ya 2010 na sasa uko chini ya 8.

Kwa nini kiwanda chenye uwezo wa tani 100 kinatoa tani 40?

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote. Nchi yenye viwanda vinavyotumia nusu ya uwezo inaweza kuongeza uzalishaji maradufu bila kuagiza mashine hata moja.

Angalia kinu cha alizeti cha Singida au Dodoma. Tuseme mashine zake zinakamua tani 20 za mbegu kwa siku. Kwa siku 300 za kazi kinahitaji tani 6,000. Mkulima akivuna tani moja kwa hekta, hizo ni hekta 6,000, karibu ekari 15,000. Mavuno huja kwa miezi michache katikati ya mwaka, kwa hiyo mwenye kinu lazima anunue mbegu za mwaka mzima ndani ya muda huo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, anahitaji bilioni 6 mkononi, kisha zikae ghalani zikitoka kidogokidogo. Benki inamkopesha kwa dhamana ya jengo, si ya mbegu zilizo ghalani. Matokeo yake ananunua za miezi mitatu au minne, anakamua, anafunga, wafanyakazi wanarudi nyumbani, na mashine zinapata kutu hadi msimu ujao. Wakati huohuo mafuta ya mawese kutoka nje yanashuka bei au ushuru wake unabadilika, na hesabu zake zinavurugika tena.

Mwenye kinu kama huyo hapati nafuu akiongezewa mashine ya pili ya kukamua. Anapata nafuu kutokana na mbegu bora zinazoongeza mavuno na kiwango cha mafuta, ghala linalokubalika benki kama dhamana, na ushuru usiobadilika kila bajeti. Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, nayo yasisahaulike: kinu kisicho na mnunuzi wa uhakika wa mashudu hupoteza sehemu kubwa ya pato lake.

Umeme una hadithi yake. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha 2024. Upungufu wa uzalishaji umepungua sana. Kilichobaki ni njia za usambazaji na transfoma. Kwenye kiwanda cha plastiki, umeme ukikatika muda wa kutosha plastiki iliyoyeyuka hugandia ndani ya mashine, na kuisafisha ni saa kadhaa za kazi. Kwenye kinu cha uzi, mamia ya nyuzi hukatika kwa pamoja. Kwa viwanda vya aina hiyo, kukatika mara sita kwa dakika tano kunaumiza kuliko kukatika mara moja kwa nusu saa, lakini takwimu za jumla ya saa zilizopotea zitaonyesha ni kitu kilekile.

Naweza kutumia tani za saruji kama kipimo cha haraka?

Ndiyo, kwa tahadhari. Tani hazidanganywi na mfumuko wa bei, na saruji inaonyesha ujenzi wa nchi nzima. Lakini kuna kiwanda kinachochoma mawe ya chokaa hadi klinka (madonge magumu ambayo husagwa kuwa saruji) na kuna kinachonunua klinka na kuisaga tu. Cha kwanza kinatumia takriban tani 1.5 za malighafi kwa kila tani ya klinka, kina tanuru, machimbo na gesi au makaa. Cha pili kina kinu na mifuko. Vyote viwili vikitoa tani 100,000, thamani iliyoongezwa haifanani hata kidogo. Uliza daima: klinka imetoka wapi?

Idadi ya viwanda vipya inatosha kuonyesha maendeleo?

Haitoshi. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003 inaweka wafanyakazi 1 hadi 4 kuwa kiwanda kidogo sana, 5 hadi 49 kidogo, 50 hadi 99 cha kati, na 100 kwenda juu kikubwa. Cherehani nne na kiwanda cha saruji cha Mtwara vyote ni "kiwanda kimoja" kwenye orodha. Aidha, orodha huongeza vinavyofunguliwa na mara nyingi haiondoi vilivyofungwa. Viwanda vidogo vina umuhimu mkubwa kwa ajira, ila ukitaka kujua uzalishaji, pima uzalishaji.

Nchi zilizofanikiwa zilifanya nini tofauti?

Korea Kusini ilitoa mikopo nafuu kwa viwanda, ila kwa sharti la kuuza nje. Aliyeshindwa kufikia lengo aliwekwa kwenye hatari ya kupoteza mkopo. Kwa njia hiyo kila kiwanda kilileta dola zake. Mauritius ilipitisha sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje mwaka 1970 ikiwa nchi ya miwa, na nguo zikawa mhimili wake. Yote mawili yanajibu moja kwa moja tatizo lililokwamisha viwanda vya Tanzania miaka ya 1980, yaani uhaba wa fedha za kigeni.

Nataka kujua kama mkoa wangu unakua kiviwanda. Nianzie wapi?

Takwimu za viwanda kwa mkoa hutoka kwa kuchelewa. Anza na umeme: TANESCO huweka wateja wanaotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi kwenye kundi la T2, na wale wanaopokea umeme wa msongo wa kati na mkubwa kwenye T3. Omba matumizi ya makundi hayo kwa mkoa wako kwa angalau miaka mitano. Toa wateja wasio viwanda, hasa hoteli, hospitali, migodi na mitambo ya maji, kwa sababu mgodi mmoja unaweza kufunika kila kitu. Kisha linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, usilinganishe Juni na Desemba, maana vinu vya alizeti, pamba na korosho hufuata msimu. Na ukiona matumizi ya umeme yameshuka, uliza kwanza kama kiwanda hakijahamia kwenye gesi asilia au umeme wa jua kabla ya kuandika kwamba uzalishaji umepungua.